Ng'ombe Walio Zizini kwa Mokami

Nyamwaga, Tarime
3 Februari 2025

Mdogo wangu Nchagwa,

Jina langu halimo. Heche, mtendaji wetu wa kijiji, amesoma leo asubuhi mbele ya ofisi majina ya kaya zitakazopata ruzuku ya kaya maskini, akafika mwisho, akakunja karatasi. Nilipomfuata kumuuliza, alisema, "Mama, wewe una ng'ombe."

Marahaba kwa salamu zako za Krismasi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu naichaji dukani kwa mke wa Heche, na ikiita pale anaipokea yeye. Barua nitampa Felix, kondakta wa basi la Mugumu. Hapa tunaendelea. Mahindi ya vuli yalikuwa haba, migomba imesimama. Nyonga yangu haijarudi tangu nilipoanguka kisimani, kwa hiyo shamba la chini sijalima. Binti yangu Beatrice bado yuko machimboni anawapikia wachimbaji. Hajatuma salamu wala kitu. Mwanawe Agatha niko naye mimi. Ile selimundu yake inatulia, kisha inaamka. Kliniki yake ya mwezi uliopita hatukwenda, nauli haikuwepo. Ndiyo maana niliomba kuingia kwenye mpango. Sikuomba kwa ajili ya sukari.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza alikuja kijana anaitwa Ngeleja, mtu wa Shinyanga, amebeba kishikwambi. Aliuliza juu ya paa, akaangalia jiko, akauliza tunakula mara ngapi kwa siku. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha akatoka, akasimama kwenye lango la zizi, akaanza kunyoosha kidole.

Nikamwambia, "Mura, kijana wangu, ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole."

Akacheka. "Kwetu pia hawahesabiwi, mama. Ila hiki kidude hakina mila. Ni wa nani?"

Nikanyamaza.

"Basi maziwa anakunywa nani?"

Nikasema tunakunywa sisi. Akaandika.

Wewe unajua ng'ombe wale ni wa nani. Ulipowaleta ulisema huko kwenu hifadhi iko karibu, wakivuka mpaka watakamatwa, na ukaniomba nikiulizwa nisiseme. Nimenyamaza miaka yote. Sasa kunyamaza kwangu kumeandikwa kuwa ni mali. Heche anasema malalamiko yanapokelewa. Njoo siku moja tu, usimame ofisini, useme ni wako umewaweka kwangu. Itatosha.

Dada yako,
Mokami

*

Kando ya Mugumu, Serengeti
27 Februari 2025

Shikamoo dada,

Barua nimeipata, ila Felix alikaa nayo, na mimi nilikuwa na homa. Huku mvua imeanza vibaya. Tembo waliingia shambani mara mbili, wakala mahindi mabichi na kukanyaga mihogo. Tulipiga madebe na kuwasha pilipili, wakatuangalia tu kama wageni waliokaribishwa. Binti yangu Winfrida bado yuko Sirari kwa wakala wa forodha, anakusalimu. Anasema siku hizi anaongea Kiswahili cha Isebania, ng'ambo ya Kenya, mpaka mama mwenye nyumba wake hamwelewi.

Nimesikitika sana kuhusu jambo lako. Lakini dada, fungua macho. Hapo hakuna ng'ombe, hapo kuna Heche. Hebu angalia waliopita ni akina nani. Mimi naambiwa shangazi yake Rhobi yumo. Duka la mkewe limepata bati jipya lini? Watu hawa wakitaka kukukata hawakosi sababu. Leo ng'ombe, kesho watasema una godoro. Wakiona godoro wanabonyeza kwa mkono kujua kama ni la sponji. Wanauliza nyama ulikula lini mara ya mwisho, wanauliza kama una mtu wa kukukopesha. Ukijibu upesi, wanasema umejiandaa. Ukichelewa, wanasema unaficha.

Ushauri wangu ni kwamba usihangaike na habari za ng'ombe. Andika malalamiko wilayani, useme Heche anapendelea ndugu. Wakimchunguza yeye, wewe utapita.

Kuja huko kwa sasa haiwezekani. Mguu wangu umevimba, na nikiondoka usiku mmoja tembo watamaliza kilichobaki. Mwambie Agatha ajifunike vizuri, baridi ni mbaya kwa damu yake.

Mdogo wako,
Nchagwa

*

Nyamwaga
16 Machi 2025

Nchagwa,

Marahaba. Pole kwa homa, mguu na tembo. Agatha alilazwa siku nne hospitali ya wilaya, akaongezewa damu. Tumerudi juzi. Daktari alisema tarehe ya kliniki isipite tena, na alilisema akiniangalia mimi, siyo mtoto.

Maneno yako juu ya Heche yalinikaa. Sikuandika wilayani kwanza. Nilitaka nione kwa macho yangu. Nilikwenda kwa Rhobi. Ni kweli ni shangazi yake Heche, na ni kweli amepita. Haoni tena. Analala kwenye chumba cha majani ambacho upande mmoja umeegeshwa kwa gogo. Nikatoka pale sina swali. Bati la duka ni la mkopo wa kikundi cha akina mama. Mimi mwenyewe nimo kwenye kikundi hicho na nilikuwepo alipopewa, nilikuwa nimesahau kwa hasira.

Kisha nikamkuta Heche ofisini, peke yake.

Nikasema, "Shangazi yako amepita."

"Amepita."

"Na mama mkwe wako?"

"Amekatwa. Nyumbani hapakaliki. Mke wangu ananipakulia ugali, mboga ananiambia nikaombe kwa kamati."

Nikamwuliza kwa nini basi mimi. Akasema si yeye. Mkutano wa kijiji ndio uliosema kwanza, kabla ya kile kishikwambi. Siku ile sikwenda kwa sababu ya nyonga. Jina langu lilipotajwa, anasema, mtu mmoja wa nyuma aliuliza, "Mokami yupi? Mwenye zizi lile? Tumpe ruzuku akanunulie ng'ombe majani?" Watu wakacheka, na mwenyekiti wa kitongoji hakunitetea. Ngeleja alipokuja nyumbani akakuta walichosema.

Nikamwambia Heche, mtu anaweza kuwa na ng'ombe wa kuwekwa. Akasema, "Mama, hapa kila mtu akisema ng'ombe ni wa kuwekwa, hakutabaki mwenye ng'ombe Tarime nzima. Kama ni wa mtu, mtaje. Aje asimame mbele ya mkutano tumwone. Mimi sina haja ya zaidi."

Bado simwamini sawasawa. Nilipotoka nilimwona anamwita mwenyekiti wa kitongoji na wakazungumza wakitazama njia ya kwangu. Lakini jibu lake lilikuwa jibu.

Mkutano wa malalamiko utakuwa mwezi wa sita, watu wa wilaya watakuwepo. Una muda wa kutosha mguu kupona.

Jambo lingine. Habari za kubonyeza godoro kwa mkono umezipata wapi? Ngeleja alibonyeza la kwangu, lakini sikukuandikia. Na habari za Rhobi uliambiwa na nani?

Mokami

*

Kando ya Mugumu
22 Aprili 2025

Shikamoo dada yangu,

Heri ya Pasaka. Tulisali vizuri, padri alihubiri mpaka watoto wakalala. Pole sana kwa Agatha. Nilitaka kutuma kuku, nikaona Felix atamla njiani. Mvua imekuja sasa kwa nguvu, mihogo iliyobaki inachipua. Winfrida aliniletea dawa ya mguu kutoka Isebania, ya kupaka. Inanuka kama dizeli lakini inasaidia.

Nimefikiri sana juu ya jambo lako, na nimeona njia iliyo rahisi. Kwanza, jina langu usilitaje. Ng'ombe wakishatajwa mbele ya watu wanapata macho mengi: wezi watasikia, na watoto wa marehemu baba yetu mdogo watakuja kudai mgao. Ukibanwa, sema ni wa marehemu shemeji, ni wa ukoo wa mumeo, wewe ni mlinzi tu. Marehemu hawezi kuitwa mkutanoni.

Pili, watu wa wilaya watapita tena nyumbani kabla ya huo mkutano, ndivyo wanavyofanya. Wakirudi wakute zizi tupu. Wapeleke ng'ombe Gorong'a kwa binamu yetu, wakae majuma machache mpaka jina lako lipite, kisha uwarudishe. Kinyesi kikikauka hakuna anayejua. Hakuna atakayeumia kwa hilo.

Ufanye hivyo dada, na usiongee na Heche tena. Mtendaji anayejibu kila swali ana jambo.

Nchagwa

*

Nyamwaga
11 Mei 2025

Nchagwa,

Marahaba. Tumepanda maharage kidogo, jirani Jackson alinisaidia. Agatha amerudi shule lakini anakaa kando ya darasa wenzake wakicheza. Kliniki ya Aprili tulikwenda kwa mkopo. Ya Mei sijui.

Siulizi tena kuhusu godoro kwa sababu nimejibiwa na mtu ambaye sikumwuliza. Jumatano nilikwenda barabarani kumsubiri Felix. Akanipa barua yako, akasema, "Mama, mzee wako yuko vizuri. Juzi nimekuta ofisi ya kijiji chao ina foleni, kumbe na yeye yumo. Akanipungia mkono, ati subiri kondakta, nakaribia mezani."

"Foleni ya nini?"

"Si ya walengwa? Hawa wa kaya maskini. Yule ni mwenyeji pale, tangu mwaka juzi. Wenzake wanamwita mwenyekiti wa foleni."

Mlango wa basi ulikuwa wazi, watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nisingecheka wangeniuliza kinachoniumiza.

Sasa naelewa godoro. Uliulizwa wewe. Walikuja kwako, wakaangalia nyuma ya nyumba, wakakuta hakuna zizi. Ng'ombe walewale wamenitajirisha mimi na kukufukarisha wewe. Ulipowaleta kwangu ulisema ni kwa ajili ya hifadhi, na labda wakati ule ilikuwa hivyo. Lakini tangu mwaka juzi si hifadhi tena.

Sijamwambia mtu. Nataka nisikie kwako.

Nikukumbushe jambo ambalo sijawahi kulitaja. Mimi nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu walikaa zizini kwa baba msimu mmoja, kisha wakaenda kukuolea wewe mke. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, wala sikulalamika; kaka huoa kwa ng'ombe wa dada. Lakini kwetu pia, dada yule akikwama, anajua mlango wa kubisha. Nimebisha tangu Februari.

Na umesahau kwamba mtunzaji ana haki yake. Miaka yote hii hujanitolea hata jike moja la kutunza. Sikudai. Sasa naliandika ili liwe limeandikwa.

Habari za Gorong'a sijazijibu. Nazifikiria. Wewe fikiria za kusimama.

Mokami

*

Kando ya Mugumu
30 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Usiandike mambo kama yale kwenye karatasi. Felix anajua kusoma.

Hukuwepo tembo walipokula shamba. Hukuwepo nilipokuwa nalala na njaa na ng'ombe wangu wako kwako wanakupa maziwa. Nilipoulizwa kama nina mifugo nilisema hapa sina. Ni kweli, hapa sina. Hawakuniuliza kwingine. Nani huku hajafanya hivyo? Mtu hapeleki mali yake yote mbele ya serikali kama anapeleka mahakamani.

Sasa unaniambia nisimame mbele ya mkutano wa Nyamwaga. Unajua kwamba mtendaji wa huku na huyo Heche wenu walisoma chuo kimoja? Wanapigiana simu kila wiki; hata habari za Rhobi nilizisikia mezani kwake. Nikisimama huko asubuhi, jioni nimekatwa huku, na labda nitaambiwa nirudishe nilichopokea. Nirudishe kwa nini? Kwa mihogo?

Na nikueleze jambo. Huyo Heche anakusubiri uropoke. Anajifanya mwema, anakuambia mtaje mwenye ng'ombe, kumbe anatafuta sifa wilayani kwa kukamata watu. Mimi namjua mtu wa namna hiyo.

Wahamishe ng'ombe, dada, kama nilivyosema. Wakishaondoka hapo hutakuwa na cha kujibu, wala mimi. Jina lako litapita, langu litabaki, na Agatha atapata kliniki. Jike nitakupa, si sasa. Ukitaja jina langu mbele ya Heche, basi hesabu kwamba baba yetu alizaa mmoja.

Sijasema hayo kwa hasira. Mguu unauma.

Nchagwa

*

Nyamwaga
8 Juni 2025

Mdogo wangu Nchagwa,

Marahaba. Agatha alilazwa tena wiki iliyopita, mara hii kifua. Ametoka jana. Anakula uji. Beatrice alikuja kumwona, akakaa usiku mmoja, akarudi machimboni. Aliacha kanga moja na sabuni. Maharage yametoa maua. Mguu wako naombea upone, maana utauhitaji.

Umeniambia niwahamishe ng'ombe, na nimekubali. Hilo ni ombi lako na mimi nimeliheshimu. Ila Gorong'a hapana. Binamu yetu ana zizi dogo na mdomo mkubwa, na majuma machache yakiisha wangerudi kwangu, na mimi ningekuwa mwongo mwenye ng'ombe. Wanakuja kwako.

Jackson na mwenzake wataondoka nao Jumatano tarehe 11, alfajiri. Watavuka daraja la Mto Mara, watalala njiani kwa shemeji yake Jackson, na wakienda bila haraka watakufikia Ijumaa jioni. Tengeneza boma. Miti ya miiba ipo, na mgonjwa wa mguu anaweza kuelekeza wengine. Yule jike mwenye madoa hayumo. Nimembakiza kuwa haki yangu ya kutunza, na ndivyo nilivyomwambia Heche aandike: Mokami ana ng'ombe mmoja. Wakinikata kwa huyo mmoja, nitakuwa nimekatwa kwa kilicho changu.

Najua utaniuliza kama nimetaja jina lako. Ng'ombe hawavuki wilaya bila kibali. Afisa mifugo aliniuliza mambo mawili, ni wa nani na wanakwenda wapi, kama anavyomwuliza kila mtu. Ningeweza kusema ni wa marehemu mume wangu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Agatha alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Nikasema ni wa Nchagwa, wanarudi kwake. Heche alikuwepo. Hakuinua hata kichwa. Aligonga muhuri, akaniuliza kama nyonga inaendelea vizuri.

Sijui kama atampigia mwenzake wa huko. Sikumwuliza, na akiniuliza mimi juu yako sitaongeza neno. Lakini kibali nakala moja inakwenda kwa afisa mifugo wa kwenu, na ng'ombe wakipita katikati ya kijiji jioni watu wana macho. Ukitaka kusema kabla hujaulizwa, siku zipo. Mtendaji wako akikuona umekuja mwenyewe ofisini, ni tofauti na akikufuata nyumbani akute umeegemea lango la zizi. Hayo ni yako.

Baba yetu alizaa wawili. Ukiamua vinginevyo, niandikie mwenyewe, usimtume Felix kwa mdomo.

Nilimwuliza Heche kama zizi tupu linatosha. Alisema halitoshi. Mkutano utataka kujua ng'ombe walikwenda wapi, na yule wa nyuma aliyecheka atakuwepo. Nitawaeleza, kisha wataamua kwa kunyoosha mikono, na watu wa wilaya wataandika. Kama mwenye ng'ombe akiwepo, alisema, itachukua dakika chache. Asipokuwepo, itategemea nani anaamini maneno ya mwanamke mzee.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Kliniki ya Agatha ni Jumanne inayofuata.

Dada yako,
Mokami